Mnepo wa boriti: kipimo kikisema hivi na hesabu ikasema vile

Umepakia boriti, umesoma kwenye geji mnepo wake, yaani imeshuka kiasi gani, umerudi mezani kukokotoa, na namba mbili zinakataa kuelewana. Katika jaribio la mezani lililoandaliwa vizuri, tofauti ya asilimia 2 au 3 haina haja ya kukunyima usingizi. Ikipita 5, kuna kitu cha kutafuta. Ikifika 20 na zaidi, karibu kila mara kosa liko kwenye maandalizi au kwenye kalamu. Nadharia ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Jambo la kwanza si kupima upya. Chora grafu: mzigo upande mmoja, mnepo upande wa pili, angalau hatua tano za kupakia na zilezile tano za kupakua. Usomaji mmoja haukuambii kitu, kwa sababu tofauti ina tabia zake, na tabia hizo ndizo zinazomtaja mhusika. Kama uwiano wa kipimo na hesabu haubadiliki kwa mizigo yote, shuku vipimo vya boriti au E, yaani ukakamavu wa nyenzo yenyewe. Kama tofauti ni milimita zilezile kwa mizigo yote, shuku sifuri. Kama uwiano wenyewe unakua mzigo ukiongezeka, shuku maegemeo au nyenzo yenyewe. Kama inabadilika ukiwa umekaa tu bila kugusa chochote, shuku muda na joto.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana: kushusha E kidogokidogo hadi hesabu ilingane na kipimo. Usifanye hivyo. E ya chuma haiwezi kushuka hadi GPa 165 eti kwa sababu jaribio lako limekataa, na ukishaifinyanga namba hiyo umeficha kosa ambalo litakurudia kwenye boriti nyingine.

Boriti ya mfano na fomula nne

Hesabu nyingi hapa chini ni za chuma bapa chenye upana wa mm 25 na unene wa mm 5, E ikiwa GPa 200. I, yaani mchango wa umbo la mkato kwenye ukakamavu, ni bh³/12 (b ni upana, h ni unene au kimo), na hapa inatoa mm⁴ 260.4. Kikiegemea ncha mbili zilizoachana mm 600, na N 20 ikaning'inizwa katikati, mnepo wa karatasini ni mm 1.728. Kwenye fomula, P ni mzigo, w ni mzigo kwa kila kipimo cha urefu, na L ni urefu kati ya maegemeo, au kutoka kibano hadi ncha huru.

- Ncha zote mbili zimeegemea tu, mzigo katikati: PL³/48EI
- Ncha zote mbili zimeegemea tu, mzigo umetandazwa sawasawa: 5wL⁴/384EI
- Ncha moja imebanwa, mzigo kwenye ncha huru: PL³/3EI
- Ncha zote mbili zimebanwa, mzigo katikati: PL³/192EI

Kabla ya kupakia, weka gogo au tofali milimita chache chini ya uzito unaoning'inia, ili kamba ikikatika uzito usianguke mguuni. Na usiweke uso juu ya boriti nyembamba iliyopindwa. Ikichomoka kwenye egemeo hurusha kila kilicho juu yake.

Dalili: kipimo ni kikubwa kwa asilimia ileile kila mzigo

Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na mara nyingi mchawi ni unene. Kwa kuwa unene umepandishwa kwa kipeo cha tatu ndani ya I, upungufu usioonekana kwa macho unazaa tofauti inayoonekana. Chuma kilichouzwa kama mm 5 kikiwa kwa kweli mm 4.9, mnepo unapanda kwa asilimia 6.25, na ile mm 1.728 inakuwa mm 1.836. Kikiwa mm 4.8, unapanda kwa asilimia 13. Kwa hiyo usiandike unene ulioambiwa dukani, wala ulioupima kwa rula. Chukua maikromita, pima sehemu tano au sita kwenye urefu, karibu na katikati zaidi kuliko kwenye ncha, kisha tumia wastani. Kama kuna rangi au kutu, kwangua kwanza mahali unapopimia: rangi inanenepesha kipimo lakini haibebi kitu. Kwa bomba, kinachodanganya ni unene wa ukuta, nao hauonekani mpaka ukate ncha na kupima.

Wa pili ni urefu kati ya maegemeo, ambao nao umepandishwa kwa kipeo cha tatu. Watu hupima urefu wa boriti nzima, au kutoka ukingo wa ndani wa egemeo hadi wa ndani, ilhali boriti inagusa katikati ya rola. Kosa la mm 10 kwenye mm 600 ni asilimia 5 ya mnepo. Pima kutoka mahali boriti inapogusa hadi inapogusa. Ile sehemu inayozidi nje ya maegemeo iache, haihusiki.

Wa tatu ni kani. Kilo 2 ni N 19.62, na ukizidisha kwa 10 badala ya 9.81 umeshajipa karibu asilimia 2 bure. Hiyo inaikuza hesabu, kwa hiyo ukiirekebisha pengo la dalili hii litazidi kidogo. Rekebisha hata hivyo. Weka kila uzito kwenye mizani. Vyuma vya mizani vilivyochakaa havina uzito ulioandikwa juu yake.

Kisha angalia geji yenyewe. Ile ya uso wa saa ikisimama mshazari, mkono wake husafiri zaidi ya boriti ilivyoshuka: kwa nyuzi 10 husoma zaidi kwa asilimia 1.5, kwa nyuzi 20 kwa asilimia 6.4. Iweke wima kwa kuitazama kutoka pande mbili. Mbele tu haitoshi.

E naijadili sasa, si mapema, kwa makusudi. Kwa chuma ni GPa 200 hadi 210, kiwe cha kawaida au cha nguvu nyingi. Chuma chenye nguvu zaidi huchelewa kupinda moja kwa moja, lakini chini ya mzigo mdogo kinanepa sawa na cha bei rahisi; anayebadilisha aina ya chuma ili kupunguza mnepo anapoteza fedha. Alumini iko karibu na GPa 70. Mbao ni habari nyingine kabisa: vipande viwili vya mti mmoja hutofautiana, unyevu huongeza utofauti, na namba ya kwenye jedwali ni wastani wa spishi. Kwa mbao, tofauti ya asilimia 15 isikushangaze.

Ukishamaliza hayo na tofauti bado ipo, kuna ukaguzi wa ndani ambao naupenda kwa sababu unaondoa maegemeo na geji kwenye kesi. Kata kipande cha mm 300 cha chuma hichohicho, kilaze juu ya nyuzi mbili au vipande viwili vya sponji vilivyo mm 67 kutoka kila ncha, kisha kigonge katikati kwa mpini wa bisibisi na urekodi mlio kwa simu yenye programu ya kuonyesha masafa. Chuma bapa cha mfano wetu kinapaswa kulia karibu na Hz 288. Utamu wake ni huu: ukikipima kipande kwenye mizani ukapata uzito wa kila mita (m, kwa kilo), EI inapatikana kwa m × (f × L² ÷ 3.56)², urefu ukiwa kwa mita, bila kuujua unene wala E. EI hiyo ikikubaliana na ya kwenye hesabu, boriti yako haina hatia, na kosa limo kwenye jukwaa. Ikikataa, rudi kwenye maikromita.

Sababu ya mwisho, na adimu kwa boriti nyembamba, ni mnepo unaotokana na kani ya kukata, ambao fomula nne za hapo juu zimeuacha nje. Mhandisi Stephen Timoshenko aliuingiza kwenye nadharia mwaka 1921. Kwa chuma cha mstatili chenye mzigo katikati, nyongeza yake ni takriban 3.1 × (h/L)². Urefu ukiwa mara 120 ya kimo, kama mfano wetu, isahau. Ukiwa mara 10, ni asilimia 3. Ukiwa mara 5, ni zaidi ya 12. Kwa mbao inauma mapema, kwa sababu ukakamavu wake dhidi ya kukatwa ni mdogo mno, takriban sehemu moja kati ya 16 ya E: boriti ya mbao yenye urefu mara 10 ya kimo huongeza karibu asilimia 19.

Dalili: tofauti ni ya mara kadhaa

Hapa usipime tena chochote. Gawanya kipimo kwa hesabu, au kinyume chake, na uangalie namba inayotoka. Makosa makubwa huacha alama zake:

- Karibu 9.8: kilo zimeingizwa kama nyutoni.
- 8: umetumia nusu ya urefu, au mara mbili yake.
- 16: umetumia fomula ya ncha moja iliyobanwa kwa boriti ya ncha mbili, na urefu wote.
- 4: umechukulia ncha zimebanwa nazo zimeegemea tu, au kinyume chake. Au boriti ni ya mbao mbili zilizopachikwa kwa misumari michache na wewe umeihesabu kama kipande kimoja. Zikiteleza, ukakamavu unabaki robo.
- 1.6: mzigo ni uleule kwa jumla, lakini umechanganya uliotandazwa na ulio katikati.
- Karibu 3: unachokiita chuma ni alumini. Sumaku itakuambia, ingawa baadhi ya vyuma visivyoshika kutu navyo havivutwi.
- Mraba wa upana kwa unene: umebadilishana b na h. Kwa chuma chetu hiyo ni mara 25.
- 25.4: geji ni ya inchi.

Kama kinachozidi au kupungua ni milimita 1 kamili, au 2 kamili, mshale umezunguka duara zima bila wewe kuhesabu. Kwenye geji nyingi zenye mgawanyo wa mm 0.01, mzunguko mmoja ni mm 1. Angalia kile kimshale kidogo.

Dalili: boriti iliyobanwa ncha moja inanepa zaidi, na ukiifupisha tofauti inazidi

Dalili hii watu huitafsiri vibaya. Wanafikiri kufupisha boriti kutaboresha matokeo, kumbe ndiko kunakoyaharibu. Fomula inadai ncha iliyobanwa isizunguke hata kidogo, na hakuna jiliwa (kibano cha mezani) linaloweza kutimiza dai hilo. Taya zinatoa kidogo, meza inainuka kidogo, na mzunguko huo mdogo ukizidishwa kwa urefu wa boriti unakuwa milimita zinazoonekana.

Anza na rahisi. Kaza jiliwa. Ondoa vipande vya mbao au raba vilivyowekwa kulinda chuma. Hakikisha chuma kimeingia hadi ndani ya taya na hakijashikwa kwa ncha tu. Kisha weka geji juu ya jiliwa lenyewe, halafu juu ya meza, na upakie. Mshale ukicheza hapo, umempata. Pima pia L kutoka ukingo wa taya, siyo kutoka kwenye alama ya penseli.

Ikibaki tofauti, acha kupambana na jiliwa, lipime. Nyongeza ya mnepo inayotokana na mzunguko wa ncha ni PL²/k, k ikiwa ukakamavu wa kibano dhidi ya kuzunguka. Chukua chuma cha mfano na mzigo wa N 10, tuseme k ni N·mm 5,000,000 kwa radiani. Karatasini mnepo kwa urefu wa mm 200, 300 na 400 ni mm 0.512, 1.728 na 4.096. Kwenye geji utasoma mm 0.592, 1.908 na 4.416, yaani ziada ya asilimia 15.6, 10.4 na 7.8. Unaona mwelekeo: kadiri boriti inavyokuwa fupi ndivyo kibano kinavyotawala.

Sasa gawanya kila mnepo uliosomwa kwa P × L². Zinatoka 1.48, 2.12 na 2.76, zote mara 10⁻⁶. Zichore dhidi ya L: mstari mnyoofu. Mteremko wake ni 1/3EI, ukakamavu safi wa boriti bila kibano, na pale unapokata mhimili wa wima, kwenye 0.20 × 10⁻⁶, ni 1/k. Kwa urefu wa aina tatu umezitenganisha boriti na jiliwa bila kununua jiliwa jipya. Nukta zisipokaa kwenye mstari, kuna kitu kinachoteleza ndani ya taya kati ya jaribio na jaribio.

Na mahali mzigo unapokaa? Kwenye boriti ya ncha mbili usihangaike sana: ukisogea mm 10 kutoka katikati ya mm 600, mnepo chini ya mzigo unabadilika kwa asilimia 0.2 tu. Kwenye ncha moja mambo ni tofauti. Ndoano ikiwa mm 10 ndani ya ncha ya boriti ya mm 500, na geji iko chini ya ndoano, kosa ni karibu asilimia 6.

Dalili: mstari ni mnyoofu lakini haupiti kwenye sifuri, au unaanza kwa kujikunja

Sababu ya kawaida ni kibeba uzito: geji iliwekwa sifuri kabla hakijatundikwa, na uzito wake haukuingia kwenye orodha. Inayofuata ni boriti ambayo haijakaa. Chuma kilichopindika kidogo hugusa maegemeo kwa kona tatu, na hatua za kwanza za mzigo zinatumika kukilaza, hakijaanza kunepa. Bonyeza kila kona kwa kidole. Ikitingishika, pachika kipande chembamba cha bati chini ya kona inayoelea.

Kisha pakia kama asilimia 10 au 20 ya mzigo wa mwisho, ondoa, rudia, weka sifuri, ndipo uanze. Hata baada ya hapo tumia mteremko wa mstari katika hesabu, usitumie nukta moja. Mteremko hausumbuliwi na sifuri mbaya.

Anayepima kwa uzi uliovutwa au kwa rula ndefu, tofauti na geji, akumbuke kwamba uzi unaona pia mnepo wa uzito wa boriti yenyewe na upindaji wake wa tangu kiwandani. Soma kabla ya mzigo na baada ya mzigo, kisha utoe.

Dalili: kipimo ni kidogo kuliko hesabu

Maegemeo yanashika. Boliti, kutu, kibano kilichokazwa kidogo "ili isianguke", vyote vinaipeleka boriti kutoka 48 kuelekea 192, na popote kati ya hizo mbili unaweza kusimama. Legeza kila kitu; boriti iliyoegemea tu inapaswa kusukumika kwa kidole kwenye rola zake. Kama ncha zote mbili haziwezi kusogea kwa ulalo, boriti nyembamba huanza kujivuta kama kamba mara mnepo unapokaribia unene wake, na grafu itaonyesha mstari unaozidi kuwa mkakamavu kadiri mzigo unavyopanda.

Boriti pana mno kuliko unene wake, yaani karatasi ya chuma, nayo hugoma kunepa kwa sababu upana unazuia kujikunja kwa upande. Tumia E/(1−ν²) badala ya E, ν ikiwa uwiano wa Poisson, yaani nyenzo inavyojibana kwa upande ikivutwa. Kwa chuma ukakamavu unapanda karibu asilimia 10.

Mnepo mkubwa sana kwenye boriti ya ncha moja pia huleta dalili hii. Fomula za kawaida zinachukulia boriti inashuka wima tu. PL²/EI ikifika 1, fomula inasema ncha imeshuka 0.333 ya urefu. Hesabu kamili inasema takriban 0.302. Punguza mzigo hadi mnepo uwe chini ya sehemu ya kumi ya urefu, na suala linajifia.

Mwisho, geji. Stendi ikisimama juu ya jukwaa lilelile linalobeba boriti, inashuka pamoja nayo. Iegemeze sakafuni au kwenye meza nyingine. Kama jukwaa ni zito na huwezi kulikwepa, weka geji kwenye kila egemeo na utoe wastani wa mbili hizo kutoka kwenye ya katikati.

Dalili: kupakia kunatoa mstari mmoja, kupakua mwingine

Gonga stendi ya geji kwa penseli. Mshale ukiruka, ni msuguano ndani ya geji. Isafishe au ibadilishe, na usiipake mafuta mazito. Kama hauruki, tafuta msuguano kwenye maegemeo: rola zisizozunguka, ukingo uliojichimbia shimo.

Lakini kama baada ya kuondoa mzigo wote boriti hairudi kwenye sifuri, na ukirudia bado hairudi, simama. Kokotoa mkazo: PL/4 gawanya kwa bh²/6. Kwa chuma chetu chini ya N 20 ni MPa 28.8, mbali na kikomo cha MPa 235 cha chuma cha kawaida cha ujenzi. Kwenye N 163 hivi kingekuwa kimefika. Boriti iliyopinda moja kwa moja haifai tena kwa jaribio hili, na kuinyoosha kwa nyundo hakuirudishi ilivyokuwa.

Kwa chuma cha pembe au chaneli, weka geji ya pili kwa ubavu. Maumbo hayo hunepa na kujisokota kwa upande hata mzigo ukiwa wima kabisa, na geji ya chini peke yake husoma mchanganyiko wa yote.

Dalili: mshale unatembea ingawa hujaongeza kitu

Kama ni plastiki au mbao, nyenzo inaendelea kunepa polepole chini ya mzigo uleule, na hakuna cha kurekebisha ila nidhamu: soma kila hatua baada ya muda uleule, kwa mfano sekunde 60, na utaje muda huo kwenye ripoti.

Kama ni chuma, angalia jua. Boriti ya mita 6 yenye kimo cha mm 300, upande wa juu ukiwa na joto la nyuzi 10 za Selsiasi zaidi ya wa chini, hujikunja juu kwa mm 1.8 bila mzigo wowote. Pima alfajiri au kwenye kivuli. Chuma kikitembea bila sababu ya joto na mzigo hujaugusa, ondoka chini yake, kisha soma sehemu ya mwisho.

Dalili: zege linanepa mara mbili au tatu ya hesabu

Ulitumia I ya mkato mzima, na zege limeshapasuka upande wa chini. Kwa zege la MPa 25, ACI 318, kanuni ya Marekani ya miundo ya zege, inachukua nguvu ya kupasuka kwa kupinda kuwa 0.62√25, yaani MPa 3.1; ukivuka hapo, nyufa nyembamba zinaanza na ukakamavu mara nyingi hushuka hadi nusu au chini yake. Nyufa hizo peke yake si maafa, nondo ziko pale kwa ajili hiyo. Hesabu irudiwe kwa I ya mkato uliopasuka.

Kisha uliza umri. Kwa mzigo wa kudumu wa miaka 5 na zaidi, bila nondo za upande wa mgandamizo, kanuni hiyohiyo inaongeza mara 2 ya mnepo wa mwanzo. Jumla ni mara 3, kwa boriti isiyo na kosa lolote.

Dalili: programu ya kompyuta inakataana na fomula

Vizio kwanza. Urefu kwa milimita, E lazima iwe kwa MPa. Pili, tazama ulivyofunga ncha: ukizuia uso wote wa ncha, umebana, egemeo la kawaida ni mstari mmoja tu. Tatu, elementi, yaani vipande vidogo ambavyo programu huigawa boriti. Zile zenye nukta kwenye kona tu, safu moja kwenye unene, huifanya boriti kuwa kakamavu kupita kiasi, na rangi nzuri za kwenye skrini hazikuambii hivyo. Tumia za daraja la pili, zenye nukta pia katikati ya kingo, kisha zipunguze ukubwa kwa nusu. Jibu likibadilika kwa zaidi ya asilimia chache, halijatulia bado.

Wakati wa kuacha na kumwita mhandisi wa miundo

Yote ya juu ni ya meza ya majaribio. Boriti iliyo juu ya vichwa vya watu haipakiwi ili kuthibitisha hesabu yako. Jaribio la kupakia muundo uliopo lina utaratibu wake: kwa zege, ACI 318 inataka mzigo uongezwe kwa hatua zisizopungua nne, ukae saa 24, na mnepo unaobaki saa 24 baada ya kuondoa usizidi robo ya ule wa juu kabisa. Hiyo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa, yenye nguzo za dharura chini.

Ondoa watu na usiongeze hata kilo moja ukiona lolote kati ya haya: mnepo unaoendelea bila mzigo kuongezwa kwenye chuma au zege, mlio wa kupasuka kwenye mbao, ufa wa mshazari karibu na egemeo la zege, egemeo linalosagika, grafu iliyokuwa nyoofu ikianza kulala. Hatari zaidi ni boriti ndefu na nyembamba inayosogea kwa upande. Hiyo huanguka ghafla, na geji yako ya chini itakuwa imesoma namba nzuri hadi sekunde ya mwisho.

Kupita kikomo cha mnepo, kama urefu kugawanywa kwa 360, hakumaanishi boriti inavunjika, na kuwa ndani yake hakumaanishi iko salama. Kikomo hicho kinalinda plasta na milango. Atakapokuja mhandisi, mpe grafu ya kupakia na kupakua, unene uliopima kwa maikromita, picha za maegemeo, na tarehe na saa ya kila usomaji. Usimpe E uliyoirekebisha.